Weupe kwenye mani planti, sisimizi ukutani: binti wa Tabata, hao ni vidung'ata

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi Tabata, Dar es Salaam, nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Mani planti yangu ya sebuleni imeota kitu cheupe kama pamba kwenye maungio ya majani. Majani yananata, na sakafu chini yake inanata hata nikideki. Sisimizi ndio usiseme. Kroton ya kibarazani nayo imeanza. Chumbani kuna lile ua la majani marefu ya kijani na maua meupe, muuzaji aliliita pisi lili, nalo majani yamejaa vidoa vidogo vya njano. Sijui ni ugonjwa uleule? Nilipuliza dawa ya mbu ya kopo, majani yakaungua na weupe ukabaki. Fundi wa bustani ameniletea dawa ya nyanya kwenye chupa ya maji ya kunywa, anasema nipulize mara moja tu, yaishe. Nina mtoto wa miaka miwili. Tena jirani nimemwahidi kitawi cha mani planti. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Kabla ya maua, tumalizane na hiyo chupa. Dawa ya shamba iliyohamishiwa kwenye chupa ya maji, ndani ya nyumba yenye mtoto wa miaka miwili, ni hatari kuliko mdudu yeyote utakayemkuta kwenye poti. Iweke kwenye kabati linalofungwa kwa ufunguo, ibandike karatasi yenye neno SUMU, halafu mpigie fundi aje aichukue leo. Usiimwage kwenye sinki, wala chooni, wala kwenye udongo wa maua.

Sababu ni hii. Baadhi ya dawa zinazopulizwa kwenye nyanya ni za kundi la oganofosfeti, kama profenofosi, na hizo hushambulia mishipa ya fahamu ya binadamu kwa njia ileile zinavyoshambulia ya mdudu. Shambani zinapulizwa kwenye uwazi, na mpulizaji anatakiwa avae glovu, miwani na barakoa. Sebuleni kwako zitatua kwenye kochi, kwenye zulia na kwenye midoli ya mtoto. Dawa halali inakuja na kibandiko kinachotaja kiambata chake, kipimo, mahali pa kuitumia na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA. Hiyo ya kwako haina hata kimoja, kwa hiyo huwezi kujua ni nini wala uchanganye kiasi gani.

Dawa ya mbu nayo iache ifanye kazi ya mbu. Ina viyeyushi vya jamii ya mafuta ya petroli, na ndivyo vilivyounguza majani yako. Wadudu wako hawaruki, wamejificha kwenye mikunjo na wamejipaka nta. Ile mvuke iliwapitia juu.

Sasa wadudu wenyewe. Ulivyoeleza, sebuleni na kibarazani una vidung'ata, wadudu wadogo wanaonyonya mmea na kujifunika nta nyeupe. Kama unataka uhakika, chukua kijiti cha meno, chokonoa pamba moja, ikandamize kwenye karatasi nyeupe. Ikiacha unyevu wa njano au wa rangi ya chungwa, ni kidung'ata. Nasisitiza kipimo hiki kwa sababu si kila cheupe ni mdudu. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na chumvi hiyo huacha ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye kingo za poti. Ukiukwangua unavunjika kama chokaa. Ukungu mweupe juu ya udongo uliolowa kila siku nao si mdudu, unamwagilia kupita kiasi tu.

Kunata kunatoka kwao. Kidung'ata huchoma mrija wake kwenye mmea na kunyonya utomvu. Utomvu una sukari nyingi kuliko anayoihitaji, kwa hiyo ile ya ziada anaitoa nyuma ikiwa maji matamu, nayo yanadondokea majani ya chini na sakafu yako. Ukiyaacha, baada ya muda majani yatafunikwa na ukungu mweusi unaofanana na masizi. Huo hauli jani, unalinyima mwanga tu, na unafutika kwa kitambaa chenye maji.

Na sisimizi, binti yangu, hawakuja kwa bahati mbaya. Wanayafuata hayo maji matamu, na kwa malipo hayo wanawalinda vidung'ata dhidi ya maadui zao. Wengine huwabeba na kuwahamishia kwenye mmea mpya. Ndiyo maana nikiingia nyumba ya mtu nikaona msururu wa sisimizi unapanda kwenye poti, sianzi na majani, naufuata msururu hadi unakoishia. Fanya hivyo kesho asubuhi ukiwa na tochi ya simu. Utafika kwenye kifundo fulani nyuma ya jani, au chini ya ukingo wa poti, au kwenye tundu la chini la kutolea maji, mahali ambapo hukuwahi kutazama. Hapo ndipo wamejaa.

Fundi aliposema upulize mara moja yaishe, alikosea hata kama dawa yake ingekuwa salama. Jike mmoja wa kidung'ata wa michungwa, ambaye ni mmoja wa wanaopatikana sana kwenye maua ya ndani, hutaga mayai mamia, na kwenye mmea mzuri yanaweza kufika kati ya 300 na 600. Anayaweka ndani ya ile pamba. Pamba hiyo ni nyuzi za nta, maji hayaingii, dawa nyingi haziingii. Unaua mama leo, watoto wanatoka juma lijalo. Wakitoka wanakuwa wadogo mno, rangi ya njano au waridi iliyofifia, hawana nta bado, na wanatembea kutafuta pa kuchomeka mrija. Katika siku hizo chache hata maji ya sabuni yanawaua. Wakishatulia na kuota nta, kazi inarudi kuwa ngumu.

Kwa hiyo ratiba ndiyo itakayokuponya zaidi ya dawa. Kila baada ya siku saba, kwa majuma sita, bila kuruka. Kwenye joto la Dar kizazi kimoja kinakamilika kwa muda wa kama mwezi, na hatuna baridi ya kuwapunguzia kasi, kwa hiyo majuma sita yanakufikisha ng'ambo ya kizazi kizima na ziada. Watu wengi wanaoniambia "nimejaribu kila kitu, mzee" walijaribu kila kitu mara moja moja.

Siku ya kwanza ndiyo ndefu. Ondoa maua yote mahali yalipo, yasigusane. Mani planti ipeleke bafuni. Kata kwa mkasi matawi yaliyoshambuliwa zaidi, bila huruma. Mani planti huchipua tena upesi. Vipande hivyo vifunge ndani ya mfuko, uutupe siku hiyohiyo. Usiviache kwenye ndoo ya taka ya jikoni, maana watatembea watoke.

Halafu nunua spiriti duka la dawa, ile ya asilimia 70, na vijiti vya pamba ya masikio. Chovya, gusa kila pamba unayoiona, subiri kidogo, ifute. Spiriti inayeyusha nta na kumkausha mdudu. Utaona weupe unageuka rangi ya kahawia papo hapo. Pitia kila kifundo, kwapa la kila jani, upande wa chini kando ya mshipa mkubwa, na jani changa ambalo bado limejikunja. Hilo la mwisho ndilo watu hulisahau. Fungua dirisha, na usifanye hivyo karibu na jiko linalowaka.

Baada ya hapo, sabuni. Hapa naona watu wakiharibu maua kuliko wadudu wanavyoyaharibu. Usitumie sabuni ya unga wala yenye dawa ya kung'arisha. Tumia sabuni ya mche, ile ya kipande: kwangua gramu 5 hadi 10, yeyusha kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu. Kama unayo ya maji ya kuoshea vyombo tu, kijiko kimoja cha chai kwa lita kinatosha, usiongeze kwa kudhani itakuwa kali zaidi. Na tafadhali usitumie maji ya kisima yenye chumvi. Sabuni ikikutana na maji magumu inaganda kuwa ute mweupe, haitoi povu na haiui. Kinga maji ya mvua, au ya bomba kama kwako ni laini. Ukiona povu halishiki, badilisha maji kwanza kabla ya kulaumu sabuni.

Jaribu kwenye jani moja, ngoja siku moja au mbili. Likibaki zima, puliza mmea wote jioni, hasa chini ya majani, mpaka yadondoshe. Sabuni inaua ikiwa mbichi tu na ikimgusa mdudu mwenyewe. Ikishakauka haina nguvu yoyote. Kwa hiyo usipulize ukatumaini itawangojea. Baada ya saa mbili hivi suuza kwa maji safi. Mimea yenye majani ya manyoya, kangaga (fern), na ile minene yenye vumbi la nta juu yake haipendi sabuni, hiyo ishughulikie kwa spiriti na kijiti tu.

Mwarobaini? Najua ungeuliza. Unafaa, ila si kwa namna wengi wanavyoutumia. Kiambata chake kikuu, azadirakitini, kiko kwa wingi kwenye mbegu. Majani yana kidogo, hivyo maji ya majani yaliyochemshwa hayatakusaidia sana. Pata mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu, changanya kijiko kimoja cha chai na nusu kijiko cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, tikisa sana, tumia siku hiyohiyo. Ukilaza mchanganyiko mpaka kesho nguvu imepungua. Mwarobaini hauui papo hapo. Unamfanya mdudu aache kula na ashindwe kujivua ngozi akue. Mimi naupenda juma la pili na la nne, mengine naacha sabuni ifanye kazi. Harufu yake ni kali, kwa hiyo siku hiyo mani planti ilale bafuni.

Kuhusu sisimizi: poti iweke juu ya kibakuli kilichopinduliwa, na kibakuli hicho ndani ya sahani pana yenye maji na tone la sabuni. Bibi zetu walisimamisha miguu ya kabati la chakula ndani ya makopo ya maji kwa kazi hiyohiyo. Hakikisha hakuna jani linalogusa ukuta au pazia, maana hilo ni daraja. Sisimizi wakikosa njia, mapambano yanakuwa mepesi kwa kiasi utakachokishangaa.

Mwagilia kwa kiasi, na mbolea ya naitrojeni, iwe yuria au samadi, isimamishe kwanza. Machipukizi laini yaliyojaa naitrojeni ndiyo anayoyapenda kidung'ata, na huzaa zaidi akiyala.

Kuna jambo moja la kuchunguza kabla hujadhani umeshinda. Chomoa mani planti kwenye poti taratibu, tazama mizizi na ukuta wa ndani wa poti. Ukiona unga mweupe wenye vidudu vidogo kwenye mizizi, hao ni vidung'ata wa mizizini, na juu unaweza kufuta mwaka mzima bila kupona. Osha udongo wote, tupa, kata mizizi iliyooza, sugua poti kwa maji moto na sabuni, panda upya.

Sasa kroton. Nakuuliza swali nawe: ni ua lipi liliingia nyumbani mwisho kabla ya balaa hili? Maana vidung'ata huingia na mmea mpya, na kroton ni moja ya wanayoipenda zaidi. Ukikuta ndiyo ya mwisho, na imejaa kuanzia chini hadi juu, ushauri wangu ni kuitupa. Kroton nyingine unaipata kitaluni kwa bei nafuu, na jasho la majuma sita lina thamani yake. Lakini kabla ya kuilaumu, chungulia nje ya kibaraza. Kama kuna mpapai au mhibiskasi wa jirani hapo chini wenye weupe mwingi, huenda chanzo ni hicho. Kidung'ata wa mpapai, ambaye asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ameenea pwani ya Kenya na Tanzania tangu katikati ya miaka ya 2010, na habagui sana mimea. Vifaranga vyake ni vyepesi, upepo unaweza kuviinua.

Ukikuta kwenye kroton ya nje "kidung'ata" mkubwa kuliko wenzake, mwenye nyuzi nyeupe ndefu na anayekimbia ukimgusa, usimuue. Kidung'ata halisi hujikokota. Huyo anayekimbia yaelekea ni buu la mdudu kobe, mbawakawa mdogo wa mviringo, na amekuja kuwala. Wazee wa kilimo tunawaheshimu hawa walaji. Vidung'ata wa muhogo walipoingia Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakaangamiza mashamba kuanzia Kongo, aliyewapunguza ni nyigu mdogo aliyeletwa kutoka Paraguay na kuanza kuachiwa Nigeria mwaka 1981. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1995, akawa pia mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa wadudu ya icipe kule Nairobi. Ndani ya sebule nyigu hayupo, ndiyo maana nakuchosha na vijiti vya pamba.

Tuje chumbani. Hapana, pisi lili haina tatizo lile. Kukosa weupe, kukosa kunata, na vidoa vya njano vidogo vilivyotawanyika juu ya jani: hapo nashuku utitiri. Shika karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge kwa kidole mara mbili tatu, uisogeze karatasi kwenye mwanga. Yakidondoka madoa madogo na baada ya sekunde chache yakaanza kutembea, jibu umepata. Ukubwa wake ni kama nusu milimita. Ukitazama chini ya jani kwa kukuza na kamera ya simu, utaona utando mwembamba kati ya mshipa na ukingo.

Nina hakika chumba hicho kina kiyoyozi. Utitiri hustawi kwenye hewa kavu na ya joto, na kiyoyozi hukausha hewa hata katika mji wenye unyevu kama Dar. Kwa wasomaji wa Nairobi na Arusha, hawa watawatembelea zaidi miezi ya kiangazi, kiyoyozi kiwepo kisiwepo.

Utitiri si mdudu kwa maana ya kitaalamu. Una miguu minane, ni ndugu wa kupe na buibui. Ndiyo sababu dawa nyingi za wadudu hazimdhuru, na nyingine humzidisha. Imidaklopridi, kwa mfano, ambayo wauzaji huisifu kwa vidung'ata, haiui utitiri, na imeshaonekana mara nyingi utitiri ukiongezeka baada ya kuitumia. Habari njema ni kwamba huyu anachukia maji. Peleka ua bafuni, funika udongo kwa mfuko, piga majani maji ya bomba kwa nguvu kiasi, upande wa chini, kila baada ya siku tatu nne kwa majuma mawili au matatu, maana kwenye joto yai hufikia kuwa mzazi ndani ya juma moja hivi. Sabuni ileile ya mche itasaidia. Kisha liondoe kwenye njia ya upepo wa kiyoyozi.

Na kwa kuwa una mtoto: mani planti na pisi lili zote zina chembe za oksaleti zinazochoma mdomo na koo vikitafunwa. Vining'inize au viweke juu, hata baada ya wadudu kuisha.

Vijinzi vidogo vyeusi vinavyoruka ukimwagilia hukuvitaja, lakini kwa maji haya yote ya sabuni na ya kusuuza vinaweza kujitokeza. Acha udongo wa juu ukauke kiasi cha sentimita 3 hivi kabla ya kumwagilia tena, na vitapungua vyenyewe.

Kuhusu jirani, mwambie angoje kidogo. Majuma sita yakiisha, na mawili zaidi yakipita bila kuona weupe wowote, kata kitawi chenye vifundo vitatu au vinne kwenye tawi lililochipua upya. Kioshe kwa maji ya sabuni, kisuuze, kiweke kwenye chupa ya kioo yenye maji, dirishani kwako na si kwake, mpaka kiote mizizi. Ndani ya kioo kila kifundo kinaonekana, hata kifaranga kimoja hakiwezi kujificha. Mizizi ikifika urefu wa kidole na vifundo vikiwa safi, mpelekee. Na umwambie akiweke peke yake mwezi mmoja kabla hajakiweka karibu na maua yake mengine.